Manjaniki ya Kidato cha Tano: shajara ya mradi, Kigoma

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Kundi la tatu la PCM (fizikia, kemia na hisabati) limeikataa kengele ya umeme kuwa mradi wake, limeikataa na pampu ya maji. Linataka manjaniki, mashine ya kale ya kurushia mawe: boriti ndefu juu ya egemeo, uzito mkubwa upande mfupi, kombeo upande mrefu. Aliyeleta wazo ni kijana wa Ujiji. Alisikia madrasa akiwa mdogo kwamba Nabii Ibrahim alirushwa motoni kwa manjaniki kwa kuwa moto ulikuwa mkali hausogeleki, na tangu hapo anajiuliza mashine ilisimama umbali gani. Mwanafunzi mwenye swali la namna hiyo humwambii akajenge kengele.

Historia nimewapa kwa ufupi, maana hawa ukiwaachia wataandika kurasa sita za vita na nusu ukurasa wa fizikia. Manjaniki za mwanzo zilivutwa kwa kamba na kundi la watu. Ile ya uzito, ambayo Ulaya wanaiita trebusheti, ilienea tangu karne ya 12. Mwaka 1273 jeshi la Kublai Khan liliuchukua mji wa Xiangyang, China, kwa manjaniki zilizojengwa na mafundi Waislamu, na mwaka 1304 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alijengesha moja kubwa mbele ya ngome ya Stirling, Uskoti. Yatosha.

Vipimo tulivyokubaliana: boriti mita 2, egemeo sentimita 40 kutoka upande wa uzito, kwa hiyo mkono mrefu ni sentimita 160, mara nne ya ule mfupi. Egemeo liwe mita 1.2 kutoka ardhini. Uzito kilo 40, kitu cha kurusha gramu 400, uwiano wa 100 kwa 1. Tutarusha soksi iliyojazwa mchanga na kushonwa mdomo. Mawe nimepiga marufuku, na sitaki mjadala.

Binti anayeshika jedwali ndiye aliyepiga hesabu ubaoni. Ncha ya mkono mrefu ikilala chini, ncha fupi inakuwa sentimita 30 juu ya egemeo. Uzito ukimaliza kushuka, ncha hiyo iko sentimita 40 chini yake. Jumla ya kushuka ni sentimita 70. Kilo 40 mara 10 ya mvutano wa dunia mara mita 0.7, jouli 280. Kama zote zingeingia kwenye soksi, na soksi ikaondoka kwa nyuzi 45, ingeanguka mita 140 mbele. Uwanja wetu wa mpira hauzidi mita 100, na nyuma ya goli la chini kuna njia ya watu. Kundi likaanza kubishana tuhamie wapi. Nikawaacha wabishane. Nilichodai ni kwamba ile 140 iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa wino.

Jumamosi, 23 Agosti

Fremu imesimama. Miguu ni mirunda ya mkaratusi, jozi mbili zenye umbo la A, zimeunganishwa chini kwa mbao na kukazwa kwa bolti. Misumari tumeikwepa kwa sababu hulegea kadiri kitu kinavyotikiswa. Muuza mirunda pale Mwanga alipoambiwa ni kazi ya shule akauliza, "Mwalimu, mnajenga bembea?" Vijana wakaona ni matusi. Mimi naona hakukosea sana.

Egemeo ndilo lililonipa raha. Badala ya bomba kuzunguka ndani ya tundu la mbao, tumetia ekseli ya gurudumu la pikipiki pamoja na beringi zake mbili. Zimetoka kwa dereva wa bodaboda aliyesoma hapa zamani. Ameazima, hakutoa, na sharti lake ni zirudi zikiwa na grisi. Ukiigusa boriti kwa kidole inazunguka yenyewe.

Boriti ni mbao ya mbili kwa tatu, mkaratusi bado mbichi, kilo 6 kwenye mizani ya dagaa. Uzito ni debe la bati lililojazwa mchanga wa Kibirizi, umechotwa majini na kupimwa ukiwa umelowa hadi kilo 40.

Ubishi wa siku ulikuwa juu ya debe: lipigiliwe kwenye boriti au lining'inie kwa mnyororo? Wengi walitaka lipigiliwe, eti ndiyo imara. Lakini debe lililopigiliwa linalazimika kuzunguka na boriti kwenye duara, na mwisho wa safari linakuwa bado linakwenda kasi, yaani limebaki na nishati ambayo soksi ilikuwa inaihitaji. Linaloning'inia hushuka karibu wima. Tumelining'iniza.

Kabla ya kufunga kazi tukamwita mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyekuwa anapita na ndoo. Akaivuta ncha ndefu hadi chini, kilo 40 zikapanda, naye akacheka. Hesabu yake, nguvu mara umbali kutoka egemeo: newtoni 400 mara 0.4 ni 160. Boriti nayo inamsaidia, newtoni 60 mara 0.6, yaani 36. Zinabaki 124, gawa kwa 1.6. Alikuwa anavuta kiasi cha newtoni 78, sawa na kuinua kilo nane. Sijapata somo la momenti lililoeleweka haraka namna hiyo.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku ya kufyatua. Kwanza sheria: hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma, wote tusimame ubavuni, na kamba ya kuvutia pini inayoachia boriti iwe na urefu wa mita 8. Mmoja akauliza kwa nini nyuma pia, wakati mashine inarusha mbele.

Soksi ya kwanza ikaenda nyuma. Ilipaa juu ya paa la jiko, ikatua upande wa pili karibu na kuni. Mpishi akatoka na mwiko mkononi, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Mwalimu, shikamoo. Hiyo mashine yenu inamtafuta nani?" Nikaitikia marahaba, nikamwomba radhi, tukaigeuza fremu nzima ili mgongo wake utazame ukuta.

Zilizofuata zilipanda juu zikarudi palepale, au zilidondoka kabla boriti haijasimama. Ndefu kuliko zote siku hiyo ilifika mita 14. Kijana mmoja, mchezaji wa mpira wa mikono, akaokota soksi, akarudi kwenye mstari akaitupa kwa mkono. Tepu ikasoma mita 31.

Binti wa jedwali ameiandika hiyo 31 kwenye safu yake mwenyewe, kichwa chake "Mkono wa mtu". Sasa kundi lina adui.

Tuliyoyaona: fremu inaruka kila debe linaposhuka, kwa hiyo tumeongeza mbao za mshazari na vigingi vinne. Na lile fundo la kamba ya kombeo tulilolitundika kwenye msumari wa nchani, ambalo likichomoka ndipo soksi inaachiwa, linateleza likitaka, likikataa linang'ang'ania. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe.

Jumapili, 7 Septemba

Mbalamwezi imejaa, taa za kuvutia dagaa hazina kazi, mitumbwi haijatoka, kwa hiyo wavuvi wa Kibirizi wana nafasi ya kuzungumza. Nimekwenda na vijana wawili kwa mzee mmoja anayeshona nyavu. Walimwamkia, wakamweleza mashine. Akawasikiliza hadi mwisho, ndipo akauliza swali moja: "Hicho kifuko kinafunguka kabla ya jiwe kutoka, au baada?" Hawakuwa na jibu. Mimi pia niliona afadhali ninyamaze nisikilize.

Kombeo letu lilikuwa kipande cha turubai, kigumu, kinakunjika vibaya. Mzee akakata wavu wa dagaa uliochakaa, akaukunja mara tatu, akautia kamba pembeni ukawa kama mtumbwi mdogo: unaibana soksi ikiwa kwenye mwendo, na kamba moja ikiachia unafunguka wote kwa mara moja. Wavu ni mwepesi pia, na gramu zozote kule nchani zinaenda kasi kuliko kitu kingine chochote kwenye mashine, kwa hiyo zinalipiwa ghali. Fundo la nchani ametuondolea. Kamba ya kuachia sasa inaishia kwenye pete ya waya mnene, na msumari tumeusugua kwa msasa hadi ukang'aa. Kombeo zima lina urefu wa sentimita 140.

Akakataa hela. "Mama yao atakuja kununua dagaa kwangu," akasema. Vijana hawa wa bweni, mama zao wengine wako Kasulu na Kibondo, lakini nimeelewa.

Usiku mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa mbili na nusu hivi hadi karibu saa nne, mwekundu kama shaba. Bweni zima lilikuwa nje. Si sehemu ya mradi, ila mwalimu wa fizikia asipoliandika hilo ataliandika nani.

Jumamosi, 13 Septemba

Leo tumegusa kitu kimoja tu, msumari. Ni wa inchi nne, umekatwa kichwa, umetokeza kwenye ncha ya boriti. Ukiwa umenyooka sambamba na boriti, pete huteleza mapema na soksi huondoka ikielekea juu. Ukiupinda kuelekea mbele, pete hukawia, soksi huondoka chini zaidi. Kila kitu kingine tulikiacha kilivyo, na nilimtisha yeyote aliyetaka "kurekebisha kidogo" kamba.

Umenyooka: soksi ilikwenda juu kama ndege aliyeshtuliwa, ikaanguka mita 9. Nyuzi 15: mita 21. Nyuzi 30: mita 38, na kelele zilisikika hadi barabarani, kwa sababu mkono wa mtu umeshindwa. Nyuzi 45: mita 33, ikiruka chinichini. Nyuzi 60: ilijikita mchangani mita 12 mbele yetu na kupasuka.

Debe ni lilelile, kimo ni kilekile, jouli 280 zilezile, na tofauti ya mwisho na mwisho ni zaidi ya mara nne. Nimewaambia waitazame hiyo safu vizuri kabla hawajaniomba tena kuongeza mchanga.

Simu yangu ndiyo kamera, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Tumepiga video ya polepole, picha 120 kwa sekunde, tukatia alama za chokaa kila nusu mita kwenye nguzo iliyosimamishwa nyuma. Kwa mtupo wa mita 38 soksi inasogea kiasi cha sentimita 16 kati ya picha na picha, sawa na mita 19 na ushee kwa sekunde. Hesabu ya umbali kwa nyuzi 45 inatoa 19.5. Zimekubaliana kuliko nilivyotegemea kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Jumatano, 17 Septemba

Baada ya vipindi tulirusha kidogo tu. Msumari nyuzi 30, kombeo lilelile, na soksi haipiti mita 35. Waliangalia pete, waliangalia grisi, waliangalia upepo wa ziwani. Yule mchezaji wa mpira wa mikono ndiye aliyeliinua debe akasema limepungua. Kweli: kilo 37. Mchanga wa Kibirizi umekauka juani. 37 kwa 40 mara 38 ni 35, kama vile debe limejibu mtihani.

Mchanga umeanikwa ukakauka kabisa, ukarudishwa, na pengo limejazwa kwa vipande vya nondo hadi kilo 40 kamili. Mizani sasa inatangulia kila kipindi.

Jumamosi, 20 Septemba

Boriti. Binti wa jedwali alikuja na karatasi: boriti ya kilo 6, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 60 upande mrefu. Ikilala, kitovu kiko sentimita 45 chini ya egemeo. Ikisimama, sentimita 60 juu. Kupandisha newtoni 60 kwa mita 1.05 ni jouli 63. Kati ya 280, boriti inakula 63 kwa kujiinua tu, kabla hujahesabu zinazotumika kuiendesha kasi.

Tukaipeleka kwa seremala ikapigwa randa: nene kwenye egemeo, ikichongoka kuelekea nchani. Imebaki kilo 4, sehemu imechongwa, sehemu imekauka yenyewe, na kitovu kimesogea hadi sentimita 45. Sasa inakula jouli 31 na nusu. Seremala alihofia itavunjika. Anachohofia ni cha haki, lakini nguvu kubwa ya kupinda iko pale kwenye egemeo, na pale hatukugusa.

Mtupo wa kwanza na boriti nyembamba: mita 44. Msumari ukapindwa kidogo zaidi, nyuzi 33: mita 47. Nishati ya soksi kwa umbali huo ni kama jouli 94. Theluthi ya 280.

Jumamosi, 27 Septemba

Ugomvi. Nusu ya kundi inataka debe la kilo 60, ifikie mita 60 na jina la kundi lipigiwe makofi. Nusu nyingine imechoka kubeba mchanga. Nimewaruhusu, kwa sharti kwamba wapime kama tulivyopima mengine.

Kilo 60 kwenye hesabu ni mita 210. Uwanjani ilitupa ndefu ya mita 55, na fupi ya 41, na katikati popote ilipotaka. Fremu ilikuwa inasogea, vigingi vinang'oka, bolti moja ya chini imepinda. Egemeo likitikisika, pete haiachii kwa wakati uleule, na tumeshaona msumari nyuzi chache unavyoweza kuupoteza mtupo. Uzito ule mpya ulikuwa unatikisa ardhi ya Kigoma zaidi ya kurusha soksi.

Tukarudi kilo 40. Asubuhi nzima, kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma, soksi zilianguka kati ya mita 45.9 na 47.8, na kushoto au kulia haikufika mita moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo manjaniki. Waliozingira ngome hawakuhitaji jiwe moja liende mbali. Walihitaji jiwe la kumi lipige palepale lilipopiga la tisa, kwenye ufa uleule. Kijana wa Ujiji amelielewa hili upesi kuliko wenzake. Amechukua tairi bovu la baiskeli, ameliweka mita 47, na hataki tena kusikia habari ya rekodi.

Wale wa kilo 60 wamenuna. Data zao zote zimeingia kwenye ripoti, pamoja na ile bolti, imechorwa.

Jumamosi, 4 Oktoba

Uwasilishaji mbele ya walimu wa sayansi na madarasa ya chini. Umande ulilowesha soksi mbili, zikapimwa gramu 430, zikawekwa kando bila mimi kusema neno. Hilo limenifurahisha kuliko tairi, ambalo walilipata, wakalikosa, wakalipata tena. Mpishi alikuja kuangalia, akasimama ubavuni, mahali sahihi.

Mwalimu wa kemia akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa analisubiri: hesabu inasema mita 140, mmepata 47, mbona mmefeli theluthi mbili? Binti wa jedwali alisimama na daftari. Jouli 31 zimeinua boriti. Nyingine zimeiendesha boriti hiyohiyo, ambayo haisimami soksi ikishaondoka. Debe linabaki linabembea, na video inaonyesha kabisa linavyorudi na kwenda wakati soksi iko hewani. Hizo ni jouli zilizobaki nyumbani. Fremu inatikisika, kombeo linaburuzwa mchangani mwanzoni, hewa inachukua kidogo. Akaulizwa ipi ni kubwa kuliko zote. Akajibu kwamba kwa macho ni debe, lakini hajalipima, na njia ya kulipima ni kutia alama ya chokaa kwenye debe na kuhesabu picha kama walivyofanya kwa soksi.

Basi kazi ya Jumatatu ni hiyo: chokaa kwenye debe, simu yangu ikiwa na chaji. Beringi mwenyewe, yule dereva wa bodaboda, amezifuata jioni hii; nimemwomba atuachie wiki moja zaidi, na grisi nitanunua mimi.